Acheni Tuseme "Ninapona"

Katika somo la sarufi la mwaka wa kwanza tulifundishwa kwamba kiambishi -me- huonyesha tendo lililokwisha kutimia, na kiambishi -na- huonyesha tendo ambalo lingali linaendelea. Mwalimu aliandika mifano ubaoni: amefika, anafika, nimekula, ninakula. Tulinakili, tukafanya zoezi, tukapata alama. Sikujua wakati huo kwamba tofauti ya silabi moja ingekuja kunikosesha usingizi. Mwaka uliofuata nilisimama mbele ya umati katika mkesha wa maombi hapa Kampala, nikashikishwa kipaza sauti, nikatakiwa kusema neno moja tu: nimepona. Nikalisema. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Nilikuwa nimesema uongo, na uongo huo nusura uniangamize.

Insha hii ni malalamiko, nami sitayafunika kwa maneno ya heshima. Lakini silalamiki kama mtu aliyeiacha imani. Nalalamika nikiwa ndani ya nyumba. Hoja yangu ni hii: imani ya Kikristo inaponya watu waliovunjika, na mimi ni mmoja wao. Inaponya pale inapomruhusu mtu kusema ukweli kuhusu mahali alipo, mbele ya Mungu na mbele ya watu wachache wanaomjali. Makanisa mengi ya mji huu, pamoja na vikundi vyetu vya maombi vya wanafunzi, yanaziba njia hiyo kwa kumlazimisha mgonjwa kutangaza mwisho kabla hajafika hata katikati. Tunadai -me- kwa mtu ambaye Mungu bado anamtendea kwa -na-.

Naomba nieleze kwanza yaliyonikuta, kwa sababu bila hayo mtu anaweza kudhani nabishana kwa ajili ya kubishana.

Mama yangu alifariki Juni 2021, katika wimbi la pili la korona. Tulimzika tukiwa watu wachache, harakaharaka, kwa masharti ya wakati ule. Mimi niliyekuwa mtoto wa kwanza sikulia. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2020, na nyingi zilikuja kufunguliwa Januari 2022. Kwa hiyo hapakuwa na mwalimu wala rafiki wa darasani wa kuniuliza habari. Nilipoingia chuo kikuu nilikuwa nimekwisha kujizoeza kuishi kama mtu asiye na jambo. Mwaka wa pili jambo likajitokeza lenyewe. Nilikuwa silali. Nilianza kunywa waragi kwenye vibanda vya Kikoni, kwanza Ijumaa peke yake, halafu siku yoyote. Nilifeli kozi mbili. Asubuhi nyingi nililala kitandani hosteli nikisikia wenzangu wakioga, wakipiga pasi, wakienda darasani, nami nikishindwa hata kuweka miguu sakafuni.

Mwenzangu wa chumbani, kijana mwema ninayemshukuru mpaka leo, alinipeleka kwenye mkesha. Mhubiri aliniwekea mikono, nikaanguka, nikalia. Sitaki kudanganya kwa upande huu pia: kilio kile kilikuwa cha kweli. Kilikuwa kilio changu cha kwanza tangu mazishi, na kama wangeniacha nilie hadi alfajiri, huenda uponyaji wangu ungeanzia palepale. Lakini baada ya dakika chache waliniinua, mtu akanifuta uso, kipaza sauti kikaletwa. "Waambie watu Mungu amekutendea nini." Nikasema nilikuwa mlevi na mwenye huzuni. "Na sasa?" Nikasema, "Nimepona." Muziki ukapigwa, mwingine akapandishwa jukwaani.

Jumanne usiku sikulala tena. Alhamisi nilikuwa Kikoni. Nilirudi kwa viongozi wa maombi nikiwa na aibu maradufu: aibu ya kwanza niliyokuwa nayo, na aibu mpya ya kuwa mtu aliyepona kisha akaharibu muujiza. Niliambiwa kwamba ama sina imani, ama nina dhambi niliyoificha. Nikashauriwa nipande mbegu, yaani nitoe pesa. Pesa niliyokuwa nayo ilikuwa ya kulipia mtihani wa kurudia. Sikuitoa, si kwa ujasiri, bali kwa sababu nusu yake nilikuwa nimekwisha kuinywa. Na la ajabu ni kwamba kweli kulikuwa na jambo nililolificha. Lakini hakuna aliyeniuliza ni lipi. Walitaka liondoke, hawakutaka kulisikia.

Wanaotetea desturi hii wana hoja, na ni haki niitaje. Wanasema kwamba kutamka "nimepona" ni tendo la imani. Kwamba Maandiko yanasema Mungu huyaita yasiyokuwapo kana kwamba yapo. Kwamba anayesubiri kuona ndipo aamini hana imani. Hoja hii nimeisikia mara nyingi, na kwa muda mrefu sikuwa na jibu. Sasa ninalo. Katika barua kwa Warumi, anayeyaita yasiyokuwapo ni Mungu, si mwanadamu. Mungu akisema na iwe nuru, nuru huwa. Mimi nikisema nimelala wakati sijalala, usingizi hauji. Kinachokuja ni uongo. Kumwamini Mungu kwamba ataniponya ni imani. Kuwaambia watu kwamba amekwisha kuniponya, hali najua sivyo, ni kushuhudia uongo, na kushuhudia uongo kumekatazwa katika zile amri kumi tunazozikariri tangu shule ya Jumapili.

Tena wasome Injili ya Marko, sura ya nane. Kipofu analetwa kwa Yesu huko Bethsaida. Yesu anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamgusa macho, kisha anamwuliza kama anaona kitu. Yule mtu angeweza kujibu kama nilivyojibu mimi. Alikuwa mbele ya Mwana wa Mungu. Ni aibu gani kumwambia kwamba kazi yake haijakamilika! Lakini alisema kweli. Alisema anaona watu, ila wanaonekana kama miti inayotembea. Yesu hakumkemea. Hakumwambia kwamba imani yake ni haba. Hakudai sadaka. Alimgusa mara ya pili, na hapo ndipo akaona vizuri. Ninavyoielewa habari hiyo, mguso wa pili ulimfikia mtu aliyekubali kusema kwamba wa kwanza haujatosha. Angalieni pia kwamba Yesu alimtoa nje ya kijiji kwanza. Sisi tunafanya kinyume: tunamchukua mgonjwa kutoka chumbani kwake na kumpandisha jukwaani.

Huyo si peke yake. Paulo aliomba mara tatu mwiba utolewe mwilini mwake, haukutolewa, na akaandika hivyo bila haya katika barua iliyosomwa kanisani. Ayubu alipokaa majivuni, rafiki zake walifanya jambo jema kwa siku saba tu, zile walizokaa naye kimya. Walipofungua vinywa na kuanza kumtafutia kosa, Mungu mwenyewe aliwakasirikia. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila mstari mmoja wa shangwe mwishoni, na bado imo katika kitabu cha sala. Waliokusanya Zaburi waliona kwamba kuna mtu atakayeihitaji sala ya namna hiyo. Katika mikesha yetu mtunzi wa Zaburi ile angenyang'anywa kipaza sauti.

Msidhani kwamba haya ni mabishano ya tafsiri tu. Namfahamu mwanafunzi aliyeambiwa na kiongozi wake wa maombi kwamba kuendelea kumeza dawa za daktari ni kumwambia Mungu kwamba hamwamini. Akazitupa. Alirudishwa hospitali baada ya wiki chache akiwa na hali mbaya kuliko ile ya mwanzo. Yu hai, namshukuru Mungu. Wengine hawakubahatika. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, magharibi mwa nchi yetu, mamia ya watu waliteketea ndani ya kanisa la kundi lililojiita la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, kisha maiti nyingine zikafukuliwa katika nyumba za kundi hilo, mojawapo ikiwa Buziga, hapahapa Kampala. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu wa kundi ambalo wafuasi wake walihimizwa kufunga mpaka kufa. Sisemi kwamba mkesha wetu ni Shakahola. Nasema kwamba ugonjwa una mbegu, na mbegu yenyewe ni hii: kumfundisha mtu kwamba kile anachokiona, anachokisikia mwilini, na anachokijua kuwa kweli, hakina uzito mbele ya neno la kiongozi. Aliyefundishwa kukana maumivu yake kila Ijumaa hana kitu kilichobaki cha kumwonya siku ya hatari.

Hapa najua baadhi ya walimu wangu na wanafunzi wenzangu wanatabasamu. Wanasema: si tulikwambia? Dini ni kasumba. Ililetwa na wakoloni ili tusahau ardhi yetu. Wananikumbusha Lawino wa Okot p'Bitek, jinsi alivyowacheka wamisionari na darasa lao la katekisimu. Hao nao nina neno nao.

Sisi tunaosoma fasihi ya Kiswahili tumesoma *Kichwamaji* cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka 1974. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu, kijana wa rika letu, imani ya wazazi wake imemtoka na hakupata kitu cha kuweka mahali pake, mwishowe anajiua. Tumesoma pia *Rosa Mistika*, na Rosa naye anaishia hapohapo. Tunaandika insha ndefu kuhusu udhanaishi. Tunaeleza kwa ufasaha kwamba maisha ya Kazimoto yamekosa maana, tunapata alama nzuri, kisha tunarudi mabwenini ambako Kazimoto anaishi chumba cha pili na hakuna anayembishia hodi. Naomba nijibiwe: udhanaishi umemsaidia nini? Kuita maumivu kwa jina la nadharia si kuyatibu. Na huku serikali nayo imeyafungia mlango, kwa maana Kanuni ya Adhabu ya Uganda inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kwa hiyo mwanafunzi aliyefika ukingoni hawezi kusema kanisani, maana ataambiwa hana imani. Hawezi kusema darasani, maana atachambuliwa. Hawezi kusema kituoni, maana atafunguliwa mashtaka. Atasema wapi?

Jibu la swali hilo tumelikalia sisi wenyewe hapa Kampala, na lina umri wa miaka karibu mia moja.

Septemba 1929, daktari Mwingereza aitwaye Joe Church alifika Kampala akitoka Gahini, Rwanda, alikokuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni. Rwanda ilikuwa imepigwa na njaa kali, na yeye alikuwa amechoka mwili na roho. Alikuja akiwa amevunjika. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wawili hao, mzungu na mwafrika katika enzi ya ukoloni, walikaa pamoja siku mbili wakisoma Biblia na kuomba, kila mmoja akikiri upungufu wake. Kutoka hapo na kutoka Gahini ukaenea uamsho uliofika Kenya, Tanganyika, Burundi na Kongo. Waganda waliwaita watu wake Balokole, yaani waliookoka, na Kiswahili kikalichukua neno hilo kutoka Luganda. Kila tunaposema "mlokole" tunatamka neno lililozaliwa hapa. Wimbo wao, *Tukutendereza*, unaimbwa kwa Luganda na watu wasiojua sentensi nyingine ya lugha hiyo.

Yanayonigusa katika historia hiyo ni mambo mawili. La kwanza, uamsho huo ulilelewa katika misheni yenye hospitali, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa tabibu. Hakuna aliyemwambia Joe Church achague kati ya sala na sindano. Anayewaambia wanafunzi watupe dawa kwa jina la ulokole hajui ulokole umetoka wapi.

La pili ni desturi waliyoiita kutembea katika nuru. Walikutana kila wiki, kikundi kidogo, wakaitana ab'oluganda, ndugu wa ukoo mmoja, na kila mtu akasema amefika wapi: wiki hii nimemchukia mke wangu, wiki hii nimeiba muda wa mwajiri wangu, wiki hii siwezi kuomba. Kuokoka kwao hakukuwa mwisho wa kusema ukweli. Kulikuwa mwanzo wake. Jina lao lilikuwa la -me-, maana waliamini kwamba Kristo amekwisha kuwakomboa, lakini mazungumzo yao ya kila wiki yalikuwa ya -na-. Hawakuona mgongano kati ya hayo mawili. Sisi tumelibakiza jina na kuyatupa mazungumzo.

Mfano bora ni Askofu Festo Kivengere wa Kigezi. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa na utawala wa Idi Amin, na Kivengere akakimbia nchi, akavuka milima kwa miguu usiku pamoja na mkewe hadi Rwanda. Alikuwa mlokole kwa zaidi ya miaka 30, mhubiri anayejulikana duniani. Angeweza kusema kwamba amani ya Kristo imemjaa. Badala yake alikiri hadharani kwamba uchungu dhidi ya Amin ulikuwa unamla moyo na unamkausha kiroho, na kwamba Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa London, akiutafakari msalaba, aliona kwamba hana budi kumsamehe. Ndipo akaandika kitabu kuhusu kumpenda Idi Amin, kitabu ambacho wengi wanakijua kwa jina lake tu. Msamaha ule ulianzia kwa askofu kukubali kwamba anachukia.

Najua Walokole hawakuwa malaika. Kukiri hadharani kulizaa pia umbea na majivuno. Wapo walioaibishwa, na wapo waliojifanya wapelelezi wa dhambi za wenzao. Mwaka 1941 ugomvi wa namna hiyo ulifika chuo cha kitheolojia cha Mukono, na wanafunzi zaidi ya 20 wakafukuzwa, William Nagenda akiwamo. Kwa hiyo sisemi turudishe kila kitu. Nasema turudishe chumba kidogo ambamo kila mtu anakiri yake mwenyewe.

Chumba hicho nilikipata. Mjomba wangu alinipeleka kwa mama mmoja mzee, muuguzi mstaafu, ambaye sebuleni kwake hukutana watu kama kumi kila Ijumaa jioni. Wanakunywa chai, wanasoma sura moja, kisha kila mtu anazungumza. Ijumaa ya kwanza nilipofikiwa nilisema kwamba naendelea vizuri, namshukuru Mungu. Yule mama aliniangalia akasema, "Sema ulipo, mwanangu. Mungu hatakukuta mahali ambapo haupo."

Ilinichukua wiki tano kusema. Siku chache kabla mama hajafariki, alinipigia simu mara tatu jioni moja. Niliiona simu ikilia nikaiacha. Nilijua angeniomba niende kumwuguza, nami niliogopa ugonjwa. Baadaye usafiri kati ya wilaya ukapigwa marufuku, na marufuku hiyo ikawa kisingizio changu mbele ya ndugu zangu na mbele ya nafsi yangu. Hilo ndilo lililokuwa limenivunja. Kifo chake kilinihuzunisha. Simu ile ndiyo iliyoninyima usingizi.

Hakuna aliyepiga makofi. Palikuwa kimya kwa muda. Kisha mzee mmoja, ambaye kwa kawaida huzungumza machache, alisema kwamba mwaka 1989 kaka yake alikuwa mgonjwa wa UKIMWI, wakati watu walikuwa bado wanauita Slim, na kwamba yeye alikuwa akipeleka chakula na kukiacha mlangoni bila kuingia, mpaka kaka yake akafa. Alisema amelieleza jambo hilo sebuleni humo mara nyingi, kwamba anaamini amesamehewa, na kwamba kuna miaka ambapo linarudi naye hulileta tena. Yule mama aliomba kwa ufupi. Aliomba nisamehewe, kwa maneno hayohayo, bila kuniambia kwamba sikuwa na kosa. Jumatatu iliyofuata alinisindikiza mwenyewe kwa mshauri nasaha, na mshauri akanipeleka kwa daktari. Nilimeza dawa kwa miezi kadhaa.

Sasa wale wanaotabasamu wataniuliza: kama ulikwenda kwa mshauri na daktari, imani ilifanya nini? Naheshimu swali hilo. Daktari alinirudishia usingizi. Mshauri alinionyesha jinsi msiba usioliliwa unavyogeuka kuwa maradhi, na alinieleza kwamba kijana wa umri ule, katika hofu ile, alikuwa na sababu za kuogopa. Maelezo hayo yalinisaidia sana. Lakini mimi sikuhitaji kuelezwa peke yake; nilihitaji kusamehewa. Mtu niliyemkosea yuko kaburini, hawezi kunisamehe. Mshauri hana mamlaka ya kusamehe kwa niaba yake, wala hakujidai kuwa nayo. Imani inasema yuko mmoja aliye juu yangu na juu ya mama yangu, anayewajua wafu na walio hai, na kwamba yeye anaweza. Mtu anaweza kukataa kwamba ni kweli. Lakini asiseme kwamba ni kasumba. Kasumba hukusahaulisha kosa lako; mimi nililetwa mbele yake, nikalitazama, ndipo nikasamehewa.

Kwa hiyo nina maombi kwa kila upande.

Kwa viongozi wa vikundi vya maombi chuoni: ondoeni kipaza sauti mbele ya mtu anayelia. Mwacheni alie. Msimwulize usiku huohuo amepata nini. Mwulizeni baada ya wiki, baada ya mwezi, na mkiulizwa, "Bado," muwe tayari kuomba tena bila kumtafutia kosa. Akiwa na dawa, mkumbusheni saa ya kuzimeza. Kampala ina hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili huko Butabika tangu 1955. Kumpeleka mtu huko na kumtembelea ni tendo la kanisa kama kuwekea mikono.

Kwa walimu wangu: tunapotoweka darasani wiki tatu, si kila mara ni uvivu. Mwalimu mmoja akiuliza tu, "Uko wapi siku hizi?" anaweza kufungua mlango ambao mhubiri ameufunga. Na tunaposoma Kazimoto, naomba tupewe hata dakika kumi za kuzungumza juu yake kama mtu.

Kwa wanafunzi wenzangu mlioamriwa kusema "nimepona" nanyi mnajua bado: hamjaharibu muujiza wowote. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Tafuteni watu wawili au watatu wanaoweza kuweka siri, na waambieni kweli. Yule kipofu wa Bethsaida alisema bado, akaguswa tena.

Yule mama mzee aliponiuliza Ijumaa iliyopita nilipo, nilimwambia kwamba nimelala vizuri siku tano kati ya saba, kwamba sijanywa tangu Pasaka, kwamba nimefaulu kozi moja kati ya zile mbili, na kwamba namba ya mama bado imo kwenye simu yangu na siwezi kuifuta. Akasema, "Basi usiifute, mwanangu," akanimiminia chai.